Dola Iliyokufa Kindu

Huko Marekani, mwenye sarafu adimu huipeleka PCGS, kampuni iliyoanza mwaka 1986. Wakaguzi huiangalia kwa lenzi, wakaipa alama kati ya 1 na 70, kwa kipimo alichokitoa William Sheldon mwaka 1949, kisha wakaifungia ndani ya plastiki. Mwenyewe amelipa ada. Kazi yake ni kukaa nyumbani akibahatisha: 64 au 65?

Sisi wa Kindu, huku Kongo, hatuna subira hiyo. Mpe mama wa samaki noti ya dola 20. Anaigeuza, anaiinua juani, anapitisha kucha ukingoni. Akipata kapasuko kadogo kuliko mguu wa sisimizi: "Baba, hii imekufa." Rufaa hakuna. Faranga 500 anazokurudishia chenji, zimeloa, zimekunjamana, zina viraka vya gundi, hizo ni nzima. Ukizikagua umemkosea heshima.

Usilie lakini. Maiti yako ipeleke kwa mbadilisha fedha. Anaifufua papo hapo, ila anakata chake kwanza. Ukilalamika, anakuuliza kwa upole sana kama kuna benki unayoijua inayofunguliwa Jumapili.