Ukikojolewa, Shukuru

Siku ya kwanza ya MMed ya watoto pale Muhimbili utafika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Livue. Mtoto wa miaka miwili aliyechomwa sindano tatu mkoani kabla ya kupewa rufaa akiliona koti hilo tu, moyo uliokuja kuusikiliza hutausikia tena mpaka adhuhuri.

Miaka 5 ya MD na mmoja wa intani imekuzoesha mgonjwa anayepanda kitandani akiambiwa. Kitanda cha mtoto ni mapaja ya mama yake, basi mpime hapo hapo. Anza na vinavyotaka utulivu, pumzi na moyo. Masikio na koo viache mwisho, maana kijiti kikishaingia kinywani urafiki umekwisha. Stetoskopu ipashe joto kiganjani kwanza. Na pumzi uzihesabu dakika nzima, kwa sababu kichanga hupumua mbio, akatua, akaanza tena; ukihesabu robo dakika na kuzidisha utaandika uongo. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 na zaidi ni haraka. Kuanzia mwaka hadi mitano, 40. Utaona haya kukodolea macho tumbo la mtoto muda wote huo huku foleni nzima inakutazama. Kodoa tu.

Katikati ya kuhesabu, atakukojolea. Sijamwona rezidenti aliyemaliza miaka 3 akiwa mkavu. Usiruke, wala usimrudishe kwa mama kama umeshika kaa la moto. Mtoto wa kuharisha aliyeingia asubuhi macho yamezama na nepi kavu tangu jana, akikulowesha saa nane mchana baada ya kunyweshwa ORS kijiko kwa kijiko, amekuletea habari kubwa: maji yamerudi mwilini na figo zinafanya kazi. Mshukuru, angalia saa, andika. Nimewahi kusikia bibi mmoja akipiga vigelegele wodini kwa ajili ya mkojo, na sista aliyekuwa zamu akamwitikia.

Huyo bibi, kwa taarifa yako, ni mwalimu. Mwamkie kabla ya kushika faili. Akikuambia "huyu leo siye", usimuulize siye kivipi kwa sauti ya mpelelezi. Kaa, umsikilize.

Nilipokuwa intani katika hospitali moja ya mkoa, usiku, mama mmoja alinishika mkono akasema, "Dokta, mwanangu halii kama anavyolia." Nilimtazama mtoto, joto limeshuka, amefumba macho. Nikasema, "Amechoka, mama, mwache apumzike." Kwenye faili nikaandika neno moja, "amelala", nikaenda kitanda cha pili. Sista ndiye aliyerudi na glukomita. Sukari ilikuwa 1.6. Chini ya 2.5 ni hatari, nilikuwa najua hilo usingizini. Nisichokuwa nakijua ni kwamba mama alikuwa ameshaniambia. Tulimpa dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Alikuwa na kilo 8, kwa hiyo 40. Alipofumbua macho alilia kwa hasira, na mama akanitazama bila kusema kitu. Tangu hapo mtoto akilala mno, natafuta tone la damu kabla sijaandika neno.

Kuhusu branula nina sentensi chache. Mshipa unaoutafuta kwa dakika ishirini, sista ameshauona. Ukikosa mara mbili, mwombe, na umwite sista kwa heshima yote.

Utajifunza pia kuzuia mkono wako. Zamani mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi alimiminiwa drip haraka, vitabu vikisema hivyo na sote tukikubali. Kisha ukaja utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, kwa watoto zaidi ya 3,000. Waliomiminiwa haraka walifariki kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakumiminiwa. Watoto wa kuharisha hawakuwemo, wala wa utapiamlo mkali, hivyo soma vizuri usije ukamnyima maji anayeyahitaji. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu jibu lilitoka kwa watoto wetu wenyewe, katika wodi kama zetu, likawarudia maprofesa wa dunia nzima. Siku ukiandika tasnifu yako saa tisa usiku na kuona haina maana, ukumbuke. Tasnifu yenyewe itaisha.

Na mtoto akifariki, usimwambie mama ukiwa umesimama mlangoni. Tafuta kiti. Mtaje mtoto kwa jina lake. Usiseme "mgonjwa", wala "kitanda namba saba". Sema "amefariki", neno lenyewe, usilizungushe. Kisha nyamaza, na ubaki hapo hata kama simu inaita. Hili hakuna mtihani wake, ila wenzako wakubwa watakuonyesha ukiwafuata karibu. Wafuate karibu.

Mwaka wa tatu, asubuhi ya kliniki, ataingia mama unayemfahamu na mtoto ameng'ang'ania kanga yake. Umekesha naye siku nne mtoto huyo. Uzito wake unaukumbuka, hata mshipa wa mguu uliokubali unaukumbuka. Utainama kumsalimia. Atakutazama mara moja, atajificha nyuma ya kanga, na atapiga kelele mpaka foleni yote igeuke, mama akimbembeleza na kukuomba radhi, "Nisamehe, dokta, sijui leo ana nini."

Chukua kadi, andika tarehe na kilo. Halafu andika: analia kwa nguvu.