Mwisho Wallahi

Mwenzetu mmoja anayeandika programu ya kukusanya ada za chama ana folda iitwayo "mwisho". Pembeni yake ipo "mwisho_kabisa", kisha "mwisho_kabisa2", na tangu wiki jana "mwisho_wallahi". Nyingine iko kwenye flashi, flashi iko mfukoni mwa suruali, na suruali iko kwa dobi. Ile iliyo hai, inayopokea pesa za watu, hakuna ajuaye imetokana na ipi.

Nikamtajia Git, programu ya kutunza matoleo. Akasema kazi yake ni ndogo, haistahili makuu hayo. Haya. Linus Torvalds naye aliiendesha Linux miaka kadhaa kwa viraka vya barua pepe. Mwaka 2005, alipoikosa BitKeeper, programu ya namna hiyo aliyokuwa amehamia, akakaa kitako akaanza kuandika Git, na siku chache baadaye ikawa inajihifadhi yenyewe. Jina lenyewe, kwa Waingereza wa mitaani, ni tusi. Alitania kuwa kajiita mwenyewe. Angalau yeye anajijua.

Juzi mwenzetu kasalimu amri. Tukaziingiza zote kwenye hifadhi moja, kongwe kwanza, tukizilinganisha mstari kwa mstari. "Kabisa" na "kabisa2" zimepishana nafasi moja tupu. Kosa la risiti lililorekebishwa kwenye "mwisho" limefufuka kwenye "wallahi", lina afya tele. Suruali ilirudi imepigwa pasi, flashi nayo.

Leo kahifadhi badiliko lake la kwanza peke yake. Palipotakiwa maelezo, kaandika: "ya mwisho".