Wenye madini walipopigana wao kwa wao

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Papa Ryan Coogler, muongozaji wa filamu

Mheshimiwa Papa Ryan,

Napiga hodi mlangoni kwako kwa unyenyekevu, na naomba uniruhusu nisimame kizingitini kwanza, kabla hujanikaribisha. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kalima, jimbo la Maniema, Kongo, kilomita kama 100 mashariki ya Kindu. Kwa umri mimi ni dada yako mkubwa, maana wewe ulizaliwa mwaka 1986, na wakati huo mimi nilikuwa tayari namtekea mama maji mtoni. Lakini kwetu jina la Papa halipimwi kwa miaka peke yake. Mtu mwenye uzito tunamwita hivyo, na mimi nakuita hivyo kwa moyo wote. Kama nimekosea namna ya kukuita, tafadhali nisamehe kabla sijaendelea.

Pokea kwanza pole yetu. Imechelewa, najua, ila pole ya msiba kwetu haikataliwi kwa kuchelewa. Mwigizaji wako Chadwick Boseman alipofariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43 tu, hakuna mtu wa Kalima aliyeweza kuja kukaa nawe chini matangani. Baadaye tukasikia mwenyewe ukieleza kwamba nusura uache kabisa kazi ya filamu. Tunakushukuru sana kwamba hukuiacha.

Nimekuja kwa ajili ya filamu yako, Wakanda Forever. Ilipotoka Novemba 2022, wenzetu wa Lagos waliwaona waigizaji wako kwa macho, maana mlifika huko kuizindua. Sisi ilitufikia baadaye, kwenye flashi, ikaonyeshwa uani kwa jirani, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba, na juu ya sauti za waigizaji ikisikika sauti ya msimuliaji anayetafsiri kwa Kiswahili. Najua kwamba kwa njia hiyo jasho lako halikulipwa. Kwa niaba ya wote tuliokaa pale nakuomba radhi, Papa. Hakuna njia nyingine iliyotufikia.

Usiku ule tuligawanyika, na mpaka leo hatujapatana. Ndiyo sababu ya barua hii.

Akina mama walikuwa upande wako tangu dakika za kwanza. Walipoona jeneza, na watu wa Wakanda wamevaa nyeupe wakimsindikiza mfalme kwa ngoma, uwanja mzima ulinyamaza. Waliofiwa karibuni walijifunika vitenge usoni. Wakasema huyu muongozaji amelelewa na watu wanaojua kuzika. Vijana wengi, kwa upande wao, walikasirika. Walisema T'Challa, mfalme aliyeigizwa na Boseman, angepewa mwigizaji mwingine, kwa kuwa mfalme akifa kiti hakifi. Najua malalamiko hayo uliyasikia hata kwenu, wengine wakaandika maombi hadharani wakitaka uamuzi ubadilishwe. Hapa ugomvi huo ulimalizwa na mtoto. Pale mwishoni Nakia, ambaye ni Lupita Nyong'o, binti wa majirani zetu wa Kenya, alipomwonyesha Shuri, dada wa mfalme, mtoto aliyekuwa akimlea Haiti, naye mtoto akasema jina lake halisi ni T'Challa, mwana wa T'Challa, watu waliruka. Kwetu marehemu hurudi nyumbani kwa jina, mtoto akapewa jina hilo. Mzee mmoja alisema: basi, wamefanya kama inavyotakiwa. Nakufikishia neno hilo lilivyo, Papa, kwa sababu si mzee wa kusifu ovyo.

Mama Ramonda, malkia wa Wakanda, naye alipoingia kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Geneva, akawaleta mbele ya wakubwa askari wanaosema Kifaransa waliokamatwa wakijaribu kuiba vibranium, madini ya Wakanda, nchini Mali, tulipiga kelele hadi jirani wa mbali akaja kuuliza kuna nini. Baadaye nilisoma kwamba Waziri wa Ulinzi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilalamika hadharani mwezi Februari 2023 kuhusu jinsi askari hao walivyoonyeshwa. Ni haki yake kulalamika. Ila mimi, kwa heshima zote, nakushukuru kwa tukio hilo, kwani sijawahi kuona kwenye skrini mwanamke mweusi akiwauliza wenye nguvu, mbele ya watu, kwa nini mnaiba.

Sasa naomba ruhusa nifike kwenye kidonda.

Waliokaa nyuma kabisa siku ile, matope yakiwa yamekauka kwenye magoti, walikuwa wachimbaji. Kalima ni mji uliozaliwa na bati. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, na Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, bati la Maniema likawa lulu kwa mataifa yaliyokuwa yakipigana na Hitler. Ikaja Sominki mwaka 1976. Oktoba 1985 soko la bati lilianguka duniani, na mji ukaanza kudhoofika kama mgonjwa asiye na dawa. Mwaka 1997 ikaundwa Sakima. Majina yalibadilika, nasi tukaendelea kuchimba. Leo wanaochimba ni vijana na baba zao, kwa sululu na beleshi. Wanaosha mchanga kwenye maji mpaka kasiterite yenye bati, nyeusi na nzito, ibaki chini. Wanabeba gunia mgongoni kwenye njia ambazo pikipiki haziwezi. Bati hilo ndilo linaloshikanisha vipande vidogo vya umeme ndani ya simu na kompyuta. Nina hakika, Papa, kwamba hata mashine ulizotumia kuhariri filamu zako zina bati ndani yake, na huenda sehemu yake ilipita kwenye mikono ninayoifahamu.

Watu hawa ndio waliokasirika kuliko wote, na hasira yao haikuwa ya T'Challa. Walisema hivi: katika dunia nzima, mataifa mawili tu yana vibranium, Wakanda na Talokan, taifa la chini ya bahari. Wenye nguvu wa dunia wanaitaka kwa udi na uvumba. Wametuma mashine baharini kuitafuta. Halafu filamu inakwenda, inakwenda, na mwishowe ni nani anayekufa? Ramonda anakufa majini. Watu wa Wakanda wanakufa, watu wa Talokan wanakufa, wote wenye madini. Wakubwa wanaoyataka wamebaki kwao wakiwa wazima.

Nilijaribu kukutetea, Papa. Niliwaeleza kwamba Namor, mfalme wa Talokan, alitaka kumwua yule msichana wa chuo, Riri, aliyetengeneza mashine ya kutafutia vibranium kama kazi ya darasa, na kwamba Shuri alikuwa akimlinda mtoto asiye na hatia. Nikawaambia kwamba Shuri alikuwa na mkuki mkononi, Namor yuko chini yake, na bado akamwachia uhai, wakakubaliana amani. Mchimbaji mmoja akanijibu kwa upole kabisa: mwalimu, amani iliyokuja baada ya mazishi, sisi tunaijua.

Sikuwa na neno la kumrudishia. Mimi nafundisha historia. Najua kwamba babu za watu wa Talokan, kama ulivyowaandika, walikuwa Wamaya waliokimbilia majini ili kuepuka Wahispania, ndui na utumwa. Najua pia kwamba Kiswahili hiki ninachokuandikia kilifika Maniema karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa, siku za miji ya biashara ya Nyangwe na Kasongo. Watu wale wawili, Namor na Shuri, wana kilio kimoja. Wakiketi chini na kusimuliana walikotoka, wangeweza kumaliza usiku mzima bila kushikana silaha. Nilipoona wanachomana mikuki niliumia, tena niliumia kwa sababu ulituandikia ukweli. Hivyo ndivyo inavyokuwa huku. Tangu Aprili 2024 machimbo ya koltani ya Rubaya yako mikononi mwa waasi wa M23. Januari 2025 Goma ilianguka, na Februari Bukavu ikafuata. Wanaozikwa ni majirani. Madini yanasafiri salama.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa na filamu, nami naomba unisikilize kwa uvumilivu ule ule ulionisikiliza nao hadi hapa. Mwezi Julai 2010 nchi yako, Marekani, ilipitisha sheria yenye kifungu kuhusu madini yanayotoka kwetu, ili yasigharimie vita. Nia ilikuwa njema, siwezi kusema vingine. Mwezi Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na hapa Maniema, hadi Machi 2011. Miezi ile nilikuwa darasani. Viti vilianza kubaki vitupu, kimoja kimoja, kwa sababu karo ya mtoto ilikuwa inatoka shimoni na shimo lilifungwa. Siku hizi mdomo wa gunia hufungwa kipande chenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka wapi. Kipande kina namba. Aliyejaza gunia hana jina humo.

Nilipouona mkutano ule wa Geneva kwenye filamu yako, nilitafuta kwa macho mtu mmoja. Malkia yuko, mabalozi wako, askari waliofungwa wako. Mchimbaji hayuko. Nikakumbuka filamu ya kwanza, Black Panther ya 2018, iliyopata Oscar tatu na ambayo sisi wote tuliipenda bila kugombana: mlima wa vibranium tuliuona, na treni zinapita ndani yake zikiruka hewani, vizuri mno. Lakini ni nani anayeshuka? Nani anayetoka jioni na vumbi kwenye kope? Talokan vilevile, chini ya bahari wana jua walilolitengeneza kwa vibranium, na sikumwona aliyeichimba. Naelewa kwamba Wakanda ni nchi ya ndoto, na katika ndoto ya mtu mweusi huru pengine hakuna mtu anayelazimika kuchimba kwa mikono. Wazo hilo ni zuri na nalipenda. Hata hivyo kuna siku linanikaba koo, kwa sababu kwenye ndoto hiyo nzuri hatumo.

Sikuandikii ili kukulaumu. Nakuandikia kwa kuwa nakuamini kuliko waongozaji wengine wote. Tulisikia kwamba ulipotengeneza Sinners, iliyotoka mwaka 2025, ulipatana na kampuni kwamba baada ya miaka 25 filamu hiyo itakuwa mali yako. Habari hiyo niliisoma darasani. Wanafunzi wangu, wengi wao watoto wa wachimbaji, waliielewa haraka kuliko somo lolote la mwaka ule. Hapa mwenye hati ya ardhi ni mmoja na mwenye beleshi ni mwingine, na kilichotolewa chini kwa jasho la huyu kinaandikwa jina la yule. Mapatano yako yanasema kilichotoka mikononi mwako lazima siku moja kirudi mikononi mwako. Mtu anayejua hilo, sihitaji kumfundisha ninachoomba.

Umeshasema kwamba filamu ya tatu ya Black Panther ndiyo filamu yako inayofuata. Basi, kwa unyenyekevu wote, na bila kukupangia kazi yako, naweka maombi yangu miguuni pako. Namor alimwambia askari wake Namora kwamba siku dunia itakapoigeukia Wakanda, Wakanda itamkimbilia yeye. Tafadhali, siku hiyo ikifika wasimame upande mmoja tangu mwanzo, kabla ya mazishi. Na palipo na mkutano, palipo na malkia na mabalozi, mkalishe mtu mmoja kwenye kiti, awe mwanamume au mwanamke, mwenye kucha zilizovunjika, aulizwe yeye kwanza. Hata kama ni kwa dakika mbili. Sisi tutamtambua.

Ukipenda kumwona mtu huyo kabla ya kumwandika, Kalima ipo. Kutoka Kindu barabara ni mbaya wakati wa mvua, lakini kuna pikipiki, na wanaoziendesha ni waangalifu. Utalala kwangu. Utakula sombe na samaki, na wali wa hapa hapa. Nitakupeleka mwenyewe hadi kwenye shimo, asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

Kabla sijafunga barua hii, yule mchimbaji aliyenijibu kuhusu amani aliposikia kwamba nakuandikia alinisimamisha njiani. Hakutaka salamu wala zawadi. Alisema nikuulize swali moja tu, kama alivyolisema yeye, nami nikamwahidi: kule Wakanda, mvua ikinyesha na shimo likijaa maji, nani anakwenda kuwatafuta waliobaki chini?

Wako kwa heshima kubwa, nikiomba tena radhi kwa urefu wa barua,

Mwalimu wa historia,
Kalima, Maniema