Thaimu Yaingia Jikoni Bonga

Kande za kwetu Bonga hazina mbwembwe: mahindi yaliyokobolewa, mbaazi za shambani, kitunguu, nyanya, mafuta ya alizeti na chumvi. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje na bei ikaporomoka, tulikula kande mpaka watoto wakaanza kuulizia ugali. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuzibadilisha, mpaka wifi yangu alipokuja likizo kutoka Arusha na pakiti ya thaimu kavu.

Jumapili hiyo baba mkwe alikuwa na wageni kutoka Kondoa. "Wifi, leo pumzika, jiko langu," akaniambia. Nikapumzika, ya nini kubishana na riziki! Maelekezo ya kwenye simu yalitaka vijiko vitatu vya chakula vya majani mabichi. Yeye akapima vitatu vya makavu, tena vya kujaza, akavinyunyiza sufuria ikiepuliwa, kama anavyofanya na kotimiri.

Harufu ikatangulia sebuleni. Baba mkwe akanusa, akaniuliza kwa upole, "Mama, nani anakohoa humu ndani?" Mgeni mmoja akatafuna, akatoa kijiti mdomoni, akakilaza pembeni mwa sahani kwa heshima zote. Mzee hakukosea kuhisi dawa: thaimu ina thimoli, ambayo hutiwa hata kwenye dawa za kusukutua.

Mama mkwe hakusema neno. Akarudisha sufuria jikoni, akapunguza kande nusu, akajazia mbaazi zilizochemshwa, akakaanga kitunguu upya, akamimina maziwa, akaliachia jiko la mkaa. Wageni wakala, mmoja akaomba nyongeza. Ile nusu nyingine walimwagiwa kuku, nao wakafikiria kwanza.

Pakiti sasa naiweka mimi. Majani makavu yana nguvu karibu mara tatu ya mabichi, na kwangu kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria ya familia. Yatie mapema, kitunguu kikianza kulainika, maana thaimu inastahimili moto na ladha yake hutoka taratibu. Kotimiri ndiyo ya kusubiri mwisho. Kwenye kande thaimu naiona ya kawaida tu. Ila kwa kambare wa Ziwa Babati, ikichanganywa na ndimu na kitunguu saumu, harufu ya tope huisikii tena. Wifi akija Desemba alete pakiti nyingine, kijiko nitashika mimi.