Kinyota Kisichomnyima Mtu
Mwaka 1956 Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha nadharia ya ruwaza za herufi, na mwaka 1968 Ken Thompson akaitumia katika kutafuta maneno ndani ya maandiko kwa kompyuta. Wala hawakudhani, masikini, kwamba elimu hiyo tukufu ingeangukia mikononi mwa mafundi wa kanzidata ambao, wakiagizwa kumtafuta mtu mmoja, huleta kaumu nzima. Mwambie fundi akutafutie Ali, naye, kwa taadhima zote, ataandika herufi tatu bila ya alama ya mwanzo, ^, wala ya mwisho, $, wala hatofautishi herufi kubwa na ndogo, kisha akukabidhi Salim, Khalid na Maalim Ghalib, kwa hoja kwamba kila mmoja wao ana Ali tumboni.

Ukimlaumu, hukuongezea kinyota, nacho ni karimu kupita kiasi, kwani maana yake ni mara yoyote, hata mara sifuri. Kwa hiyo a* humkaribisha hata Yusuf, asiye na a hata moja. Na faharasa, iliyogharimiwa ili kuharakisha mambo, hukaa kando kama sheikh asiyeulizwa fatwa, maana ruwaza isiyoshikizwa mwanzoni kwa kawaida huilazimisha mashine kupekua safu zote, moja baada ya moja.

Hapo fundi huomba mashine kubwa zaidi, na wakubwa, kwa hekima yao, humnunulia. Kwani ^ na $, ambazo zingepunguza udhia huo, hazina ankara ya kutiwa sahihi.