Picha Ipo, Sauti Imesusa

Harusi ya dada ilipita salama. Mtihani ulikuja siku ya kutazama video. Shangazi alikaa mbele kabisa, leso begani tayari kwa machozi. Flashi ikachomekwa, bibi harusi akaingia ukumbini, mshereheshaji akafungua mdomo. Kimya. Picha safi, sauti hakuna.

Kila mtu akageuka fundi. Mjomba alisema flashi ina virusi. Baba mdogo aliipiga runinga kofi la mgongoni. Binamu, msomi wetu, alibadili jina la faili kutoka MKV kuwa MP4, akarudi kukaa kwa maringo. Mshereheshaji akaendelea kutafuna hewa.

MKV ni hotpoti. Ndani mnaweza kuwa na pilau au makande, na kubandika karatasi ya "pilau" kwenye kifuniko hakugeuzi makande. Tangu mradi wa Matroska, uliozaa MKV, uanze mwaka 2002, faili hizi hupokea karibu kila aina ya picha na sauti, pamoja na maandishi ya tafsiri, na hakuna anayedaiwa ada ya kuzitumia. Mpiga video wetu, mpenzi wa vya bure, aliifunga sauti kwa Opus, muundo wa bure wa kubana sauti. Runinga ilifungua faili, ikaitambua picha, Opus ikaishinda.

Kichekesho ni kwamba Opus ndiyo inayobeba sauti za WhatsApp, zikiwemo zile ambazo shangazi hututumia alfajiri, nusu nzima salamu. Simu yake ya bei chee inaielewa, runinga ya mkopo haiielewi.

Fundi wa mtaani akataka elfu ishirini na siku mbili "kukonvati". Kumbe picha haikuhitaji kuguswa. Ni sauti tu ya kugeuzwa kuwa AAC, muundo ambao runinga inauelewa, kazi ya dakika chache. Hatukungoja hata hilo; tukaunganisha runinga na kompyuta yenye VLC, programu ya bure iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa Paris ulioanza 1996. Sauti ikafumuka, na ya kwanza ilikuwa hotuba ya baba mdogo. Shangazi akashusha pumzi: "Afadhali ilivyokuwa bubu."

Ndugu msomaji, mwambie mpiga video akupe nakala mbili: MKV ya kutunza, na MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC kwa ajili ya runinga. Kisha uijaribu kabla hujachemsha chai ya wageni.