Taa Isiyowaka

Ukienda kumtembelea baba mdogo Arusha, vaa viatu vya kufunga kamba. Utasukuma gari. Ana Landrova 109 ya Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, aliyoinunua kwenye mnada wa magari chakavu, na anaipenda kuliko baadhi yetu. Hafichi.

Ugonjwa ulikuwa mmoja tu. Jioni gari limeegeshwa likiwa zima kabisa, asubuhi anageuza ufunguo, stata inalia "tik", basi. Baba mdogo akawa anaegesha mteremkoni. Mama mdogo akasukuma akiwa na kanga, wajukuu wakasukuma na sare za shule, na siku ya sendofu ya binti yao hata mshenga alisukuma, suti yake mpya ikapata vumbi la Arusha lote.

Mtaani kila mwenye spana ni daktari. Wa kwanza, ambaye kwa bahati anauza betri, alisema ni betri. Betri mpya ikakaa kwa adabu za mgeni, kisha ikajifunza tabia za nyumbani. Wa pili alisema fenibelti imelegea, akaikaza mpaka beringi ikaanza kupiga mluzi. Wa tatu, fundi umeme mwenye mvi na heshima zake, aliwasha gari, kisha injini ikiunguruma akachomoa waya wa betri. "Likizima, halichaji." Likazima. Watu wakapiga makofi.

Kipimo hicho tumekirithi kutoka enzi za dainamo, wakati Landrova za Series II na IIA zilipokuwa zikivumilia mengi. Series III iliyotoka mwaka 1971 ilikuja na altaneta, na ndani ya altaneta kuna daiodi. Ukichomoa betri wakati inazunguka na kuchaji, volti zinaweza kuruka juu ghafla na kuziunguza. Yaani ni kipimo kinachoweza kumuua mgonjwa ili kuthibitisha kwamba alikuwa anaumwa. Ikaletwa altaneta nyingine, ya mtumba. Asubuhi: tik.

Kilichotuchanganya ni Monduli. Kila baba mdogo alipokwenda huko, gari lilirudi na chaji tele. Mizunguko ya mjini ndiyo iliyolimaliza. "Hili ni gari la safari," akatangaza, "mjini linaona aibu." Jirani mmoja alishauri liombewe. Wazo hilo lilipata waungaji mkono wengi kuliko la kutafuta mita.

Mita ilikuja na kijana wa mtaa wa pili anayesomea umeme wa magari. Hakugusa chochote. Aliuliza tu: "Shikamoo babu. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, ile taa nyekundu ya chaji huwa inawaka?"

Baba mdogo akaivuta kofia yake. "Marahaba. Haijawahi kuwaka hata siku moja. Ndiyo maana nawaambia hawa, gari langu halina tatizo la chaji."

Kijana akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Altaneta haianzi kazi na sumaku yake kamili. Inahitaji umeme kidogo wa kuiamsha, na kwenye hizi za Lucas za enzi hizo umeme huo hutoka kwenye swichi ukipitia balbu ya taa ile ile. Balbu ikiungua, njia imekatika: altaneta inazunguka bure, betri inalisha gari zima peke yake. Ila ukikanyaga mafuta sana, kama kwenye barabara ndefu ya Monduli, usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma unaweza kuiamsha wenyewe. Aibu ya mjini haikuhusika.

Mita ilisoma volti 12.1 injini ikiwaka. Balbu ilipobadilishwa ikasoma 14.1. Kijana alilipwa soda, na nadhani tulimpunja. Baba mdogo hakufurahi: alipofungua swichi akaona wekundu kwenye dashibodi, akapiga kelele, "Sasa umeniletea ugonjwa!" Ikabidi aelezwe kwamba taa inatakiwa iwake kwanza, kisha izime injini ikishawaka.

Wenye magari ya zamani, kesho asubuhi fungueni swichi mtazame taa hiyo kabla ya kumwita fundi yeyote. Balbu yake ni ya wati chache tu. Mkiweka ya LED bila rezista, itang'aa vizuri sana, na gari mtaendelea kulisukuma.